Besi Inayocheleweshwa

Anayelala jirani na ukumbi wa harusi huisikia besi kuliko kitu kingine chochote kinachotoka humo. Maneno ya mwimbaji, kinanda na vigelegele hufifia ukutani au hupotea njiani, besi hupita. Wimbi la sauti lenye mitikisiko 40 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita nane, na ukuta wa tofali hauwezi kulizuia kama unavyozuia sauti nyembamba. Basi saa nane usiku jirani huyu analetewa besi tupu mpaka kitandani, vioo vya dirisha vikitetema, na raha hapati hata chembe. Lau raha ya besi ingekuwa ndani ya besi yenyewe, mtaa mzima usingekuwa na mtu mwenye furaha kumzidi. Namtaja kwa sababu ndiye shahidi wa kwanza wa hoja ninayoitetea, ambayo miaka mingi ya kusikiliza muziki wa kucheza imenithibitishia: kinachowafanya watu wapige kelele besi inapodondoka si besi, ni ule muda walionyimwa besi. Dondosho lenyewe ni la sekunde moja, na kazi yote imeshafanyika kabla yake. Muziki wa siku hizi, wa kwetu na wa nje, umeing'ang'ania ile sekunde na kuanza kuutupa ule muda.

Tuanze na jinsi jambo lenyewe linavyofanywa, maana hapo ndipo siri inapoonekana. Katika muziki wa klabu unaokwenda mapigo 128 kwa dakika, prodyuza huondoa ngoma nzito na besi, akaacha sauti za juu zikielea peke yake. Kisha kila kitu kinaanza kupanda. Ngoma ndogo inagongwa mara moja kwa kila pigo, halafu mara mbili, halafu mara nne. Sauti ya sinthesaiza inavutwa juu kidogo kidogo. Mvumo kama wa upepo unakua nyuma yake. Filta inazidi kukata sauti za chini, hata wimbo unazidi kupiga kelele huku ukizidi kupungua uzito. Mara nyingi mwishoni huwekwa kimya, pigo moja au mawili ya kutosikia kitu. Ndipo besi inarudi. Vipimo 16 vya mapigo manne manne kwa mwendo huo ni sekunde 30 kamili, na mtu akiwa katikati ya watu wanaongoja, sekunde 30 si chache. Besi inayorudi haihitaji kuwa kubwa kuliko ile iliyoondolewa. Inaweza kuwa ileile kabisa, kwa noti zilezile na sauti ileile, na watu wakaruka vilevile. Mashine haikuongeza kitu. Aliyebadilika ni msikilizaji.

Historia nayo inasema hivyohivyo. Mchezo huu haukuzaliwa kwenye kompyuta za vijana wa Marekani, kama wengi wanavyodhani. Ulizaliwa Jamaika, na ulizaliwa kwa kuondoa kitu. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 Ruddy Redwood, mwenye mitambo ya disko, alikatiwa sahani ya wimbo wa kundi la The Paragons ambayo fundi alisahau kuweka sauti za waimbaji. Akaipiga hivyohivyo, na watu ukumbini wakaimba maneno wenyewe. Kilichokosekana kilijazwa na waliokikumbuka. Kosa hilo likawa biashara, na katika miaka ya 1970 likawa sanaa mikononi mwa Osbourne Ruddock, anayejulikana zaidi kwa jina la King Tubby, fundi aliyezoea kutengeneza vikuza sauti. Meza yake ya kuchanganyia sauti, katika studio ndogo ya Kingston, ilikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha ambacho kazi yake ni kukata sauti za chini. Alikizungusha wimbo ukiwa unaendelea, besi ikatoweka, rege ikabaki mifupa mitupu na mwangwi, halafu akaifungulia ikarudi kwa kishindo. Filta hiyo ndiyo baba wa ile anayoitumia prodyuza wa leo kwenye programu yake. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu anayeheshimiwa kama mwasisi wa muziki mzito wa besi alijipatia jina kwa chombo cha kuondolea besi.

Wahamiaji wa Jamaika walikwenda na mitambo yao ya sauti Uingereza, na watoto wa miji ya huko wakakua wakiisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Croydon, kusini mwa London, vijana waliokuwa wakikutana kwenye duka la santuri la Big Apple, wakiwemo Skream na Benga, walitengeneza muziki ulioitwa dabstepu. Ulikwenda mapigo 140 kwa dakika, lakini ngoma yake kali iligonga mara moja tu katika kila mapigo manne, kwa hiyo ulisikika kama unatembea polepole huku umejaa mapengo. Mahali pa kuusikia palikuwa pachache: klabu ndogo yenye giza ya Plastic People, na tangu 2005 usiku wa DMZ kule Brixton, ulioendeshwa na Mala, Coki na wenzao. Nyimbo nyingi zilikatwa kwenye sahani za nakala moja moja na kuzunguka kwa madijei kabla ya kufika dukani, kama zilifika. Hata kuupata wimbo kulikuwa kungoja. Kisha ukavuka bahari. Oktoba 2010 Skrillex, Mmarekani, akatoa Scary Monsters and Nice Sprites, ambamo besi haiji kama uzito tena, inakuja kama mngurumo wa mashine. Februari 2012 akaondoka na tuzo tatu za Grammy. Mwaka 2011 Britney Spears alikuwa ameshaweka kipande cha dabstepu katikati ya Hold It Against Me, na 2012 Taylor Swift akafanya vivyo hivyo katika I Knew You Were Trouble. Wakongwe wa London walilalamika kwamba wameibiwa. Siungani nao moja kwa moja. Wimbo wa Taylor Swift, kwa mfano, unajua kungoja: gitaa na sauti ya kuzungumza vinakushika mpaka unasahau kwamba besi ipo, na inapofika inakuwa sehemu ya kisa cha mapenzi yaliyoharibika.

Kilichoharibu mambo ni hatua iliyofuata, pale dondosho lilipokatwa kutoka kwenye wimbo na kuuzwa peke yake. Mapema mwaka 2013 dunia nzima ilijirekodi ikicheza Harlem Shake ya Baauer. Video zote zilifuata kanuni moja: kama sekunde 15 za mtu mmoja anayejitikisa huku wenzake hawamjali, besi inadondoka, kisha sekunde 15 nyingine za kila mtu akirukaruka kama kichaa. Juma hilohilo chati ya Billboard ilipoanza kuhesabu utazamaji wa YouTube, wimbo huo uliingia moja kwa moja namba moja. Wengi walioucheza hawajausikia mpaka mwisho hadi leo. Mei 2014 kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kilimwonyesha dijei anayewangojesha watu wake kwa kila upuuzi kabla hajabonyeza kitufe kimoja kikubwa, na wao wanangoja huku wanaomba kama wenye kiu. Kichekesho hicho kilikuwa na akili kuliko makala nyingi za wakati ule, kwa sababu kilionyesha kwamba kungoja ndiko onyesho lenyewe. Kitufe ni kisingizio.

Afrika Mashariki tulikuwa na ujuzi huu kabla dabstepu haijazaliwa, ingawa kwetu haukupitia kwenye besi. Kizazi kilichokua na redio na kanda kinaukumbuka muziki wa dansi wa Dar es Salaam, wa Mlimani Park iliyoanzishwa 1978, wa Maquis, wa Safari Sound, na kinakumbuka kwamba wimbo ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole. Waimbaji wanasimulia kisa cha mume aliyepotelea mjini, cha rafiki msaliti au cha mama anayemwonya mwanawe. Magitaa yanajibizana chini kwa chini na besi inatembea kwa adabu. Ya pili ni chemko. Maneno yanapungua, magitaa yanashika mzunguko mmoja na kuung'ang'ania, ngoma zinakaza, na waliokuwa wamekaa wanajikuta wamesimama. Chemko ni ndugu wa sebene ya Kongo, na Kongo mgawanyo huo uliweza hata kushikwa mkononi: wimbo mrefu haukuenea upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45, kwa hiyo mara nyingi sebene iliangukia upande wa pili. Msikilizaji alilazimika kunyanyuka, kuigeuza sahani na kuweka sindano upya. Hakuna prodyuza wa leo anayethubutu kumnyima mtu kiasi hicho.

Kwenye chemko kinachozuiliwa ni mwendo na wingi wa sauti, si sauti za chini, na anayetaka kusema kwamba hayo ni mambo mawili tofauti ana haki. Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi, na ambayo ndiyo somo la maana kwangu, iko kwenye namna ya kungoja. Dondosho la kisasa linapiga hodi. Ngoma ndogo inapoanza kuongeza kasi, mtoto wa darasa la tatu anajua kinachokuja, na kipande kile cha kupanda hakina kazi nyingine ila kutangaza. Katika dansi, ile sehemu ya polepole ilikuwa na thamani yake. Mtu aliweza kuipenda kwa ajili ya kisa, akaijua shairi kwa shairi, akalia nayo, bila kufikiria chemko kabisa. Alikuwa anangoja bila kujua kwamba anangoja. Kumnyima mtu kitu huku ukimpa kingine kizuri ni ufundi wa juu kuliko kumnyima huku ukimkumbusha kila sekunde kwamba unamnyima, na ndiyo maana nyimbo zile zinasikilizika hata sebuleni mchana kweupe, ilhali nyimbo nyingi za klabu za mwaka 2013 zikisikilizwa bila umati zinasikika kama tangazo la kitu ambacho hakikuja.

Wakongo wenyewe waliijaribu njia ya mkato mapema. Zaiko Langa Langa, kundi lililoanzishwa Kinshasa Desemba 1969, liliacha tarumbeta na kuipa sebene nafasi kubwa zaidi. Katika miaka ya 1980 Kanda Bongo Man, akiwa Paris, akaenda mbali zaidi: akaipunguza ile sehemu ya polepole na kuyapa magitaa nafasi tangu mwanzo. Nyimbo zake zilichezwa sana huku kwetu na zilistahili. Lakini zilileta raha ya namna nyingine, raha ya joto lisilopanda wala kushuka. Kanda Bongo Man alijua alichokuwa anakiacha na alikipatia badala yake. Waliomfuata wengi walirithi kule kuacha tu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka mwilini. Besi, watu watasema, haihitaji falsafa: inasukuma kifua, inatetemesha tumbo, na mwili unaitikia kabla akili haijapewa taarifa. Ushahidi upo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye onyesho la kundi la Orphx. Spika maalumu za sauti za chini mno, zisizotambulika kwa sikio, ziliwashwa na kuzimwa kila baada ya dakika mbili na nusu bila wachezaji kuambiwa. Zilipokuwa zimewashwa, watu walijitikisa zaidi kwa karibu asilimia 12. Nalikubali jaribio hilo bila kinyongo, na pia naliona linanisaidia. Watu hawa waliongeza mwendo bila kujua kwamba kuna kilichobadilika. Dondosho ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa kila aliyemo ukumbini anaijua ile sekunde na anaisubiri pamoja na wenzake. Kwa hiyo besi tupu ina uwezo wa kusukuma miguu kwa kiasi fulani, lakini haifanyi tukio. Mwili wa yule jirani wa ukumbi wa harusi nao unasukumwa, na yeye anatafuta pamba za masikio.

Wengine watauliza swali la werevu zaidi: kama kila mtu anajua besi itarudi, na pengine ameshausikia wimbo mara mia, huko kungoja kuna maana gani? Mtu hawezi kushtushwa na mgeni anayemtarajia. Leonard Meyer, katika kitabu chake cha 1956, Emotion and Meaning in Music, alieleza kwamba hisia za muziki huzaliwa pale tunapotarajia jambo na jambo hilo likacheleweshwa, na wakosoaji wake walimuuliza swali hilihili. Jibu nililoliona la kuridhisha lilitoka Montreal mwaka 2011, kwa Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao. Waliwapima ubongo watu waliokuwa wakisikiliza muziki walioleta wenyewe, ule unaowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama. Waliona kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, iliongezeka kwa nyakati mbili na katika sehemu mbili tofauti: kwanza muda mfupi kabla ya kilele, kisha kileleni. Watu hao waliujua muziki wao kwa moyo. Kujua hakukuua hamu. Kujua ndiko kulikoiwezesha, kwa sababu asiyejua kinachokuja hana cha kungoja. Mgeni anayetarajiwa ndiye anayetoa watu nje barabarani.

Singeli ndiyo inayonipa taabu zaidi. Muziki huu wa uswahilini Dar es Salaam, mtoto wa mchiriku na vigodoro, unakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, besi yake si nzito, na hauna habari ya kumwondolea mtu kitu kisha kumrudishia. Unaanza mbio na kuisha mbio. Tangu mkusanyiko wa Sounds of Sisso ulipotolewa Kampala mwaka 2017, umewapagawisha hata Wazungu wa Ulaya waliokuwa wamechoshwa na madondosho yao. Je, haubomoi hoja yangu? Ungeibomoa kama ningedai kwamba raha yote ya kucheza inatokana na kungoja. Sidai hivyo. Singeli inamchukua mtu kwa kumchosha, kwa maneno ya MC yanayomwagika bila kupumua, kwa mashindano ya nani atasimama mpaka mwisho. Haikukukopa kitu, basi haidaiwi. Ninachodai ni kwamba muziki ukishaamua kutumia besi inayodondoka, umeshakopa, na wimbo unaotaka kulipa kabla ya kukopa unatoa sarafu zisizo na thamani.

Hapo ndipo tulipo sasa, na sababu si uvivu wa maprodyuza peke yake. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, yaani muda uleule unaotosha vipimo 16 vya kupandisha hamu. Prodyuza anayeutumia wote kwa kungojesha anahatarisha mapato yake. Simu nayo ina spika ndogo isiyoweza kutoa mitikisiko 40 kwa sekunde hata kidogo. Kwa hiyo besi huongezewa mkwaruzo wa sauti za juu zinazoambatana na noti, na ubongo ukizisikia hizo hujitungia wenyewe noti ya chini ambayo haikutoka kwenye spika. Ujanja huu naupenda, kwa sababu unathibitisha tena kwamba sehemu kubwa ya besi hutengenezwa na anayesikiliza. Lakini kwenye simu besi inafika bila uzito, na kilichobaki kwa mtunzi anayetaka kumshika mtu ni kuiwahisha.

Tazama amapiano ilivyopokelewa kwetu. Kwao Afrika Kusini, wimbo wa amapiano kwa kawaida unazidi dakika sita na kwenda kama mapigo 112 kwa dakika. Kinanda na vitikitiki vinaweza kukaa vipimo 32 kabla ule mdundo mzito wa gogo, unaobeba besi, haujaingia, na hiyo ni zaidi ya dakika nzima. Bongo Fleva iliuchukua mdundo wa gogo ikauacha ule muda. Katika wimbo wa dakika mbili na nusu gogo linaingia mwimbaji akiwa hajamaliza mstari wa kwanza, linarudi kila baada ya mistari minne, na kufikia kiitikio cha pili sikio limeshalizoea kama linavyozoea feni. Jibu linalotolewa kila mara ni kwamba vijana hawana subira, soko ndilo linaloamuru. Ningelikubali kama vijana haohao wasingekuwa wanacheza amapiano ndefu ya Pretoria na Soweto kwenye klabu za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mpaka alfajiri, wakimngoja dijei bila kunung'unika. Miksa ya kila dijei ina kitufe cha kukata sauti za chini, ileile kazi ya kile kitufe cha King Tubby. Wimbo mfupi wa nyumbani ukifika mezani pake, dijei mwenye mikono huunyima besi ambayo prodyuza aliiharakisha, anaurudisha mwanzo wake mara mbili tatu, anawatazama watu usoni, na anapoachia, ukumbi unaupigia kelele wimbo uleule ambao jana kwenye simu waliupita bila kuumaliza.